Maelezo kwa Wananchi: Kupima kwa Haki Upungufu wa Masafa ya Betri katika Gari za Mseto Zilizotumika

Miongoni mwa gari zilizotumika zinazonunuliwa Japani na kuletwa Afrika Mashariki, zimo sasa gari za mseto zenye betri ya kuchajiwa. Gari hizo zina injini ya petroli na mota ya umeme, na mwenye nayo huweza kuichomeka ukutani usiku na asubuhi akenda zake kazini bila ya kuchoma tone la petroli. Injini huamka pale umeme unapomalizika, au pale gari inapohitaji nguvu kubwa kuliko mota inavyoweza kutoa.

Faida ya gari hizi ni dhahiri, lakini zimekuja na suala jipya ambalo wanunuzi wengi, na hata baadhi ya mafundi, hawakulizoea. Gari ya petroli iliyotimiza miaka kumi tangi lake halipungui. Lita 40 za mwaka wa kwanza ni lita 40 za mwaka wa kumi. Betri sivyo ilivyo. Kila mwaka unaopita uwezo wake wa kuhifadhi umeme hupungua, na kwa hivyo masafa ambayo gari inaweza kwenda kwa umeme peke yake nayo hupungua. Linaloulizwa ni kiasi gani kimepungua, na namna gani mtu atakijua kiasi hicho kwa yakini.

Jawabu la suala hilo lina uzito. Mtumishi aliyekopa ili anunue gari anaweza kupoteza fedha zake kwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa upande mwengine, muuzaji mwaminifu anaweza kudhulumiwa kwa kuambiwa kuwa betri yake imekufa na hali bado ni nzima. Ofisi nayo inaweza kuiandika gari kuwa chakavu na kuipeleka mnadani kwa kosa ambalo si la gari. Kwa sababu hiyo, wananchi na watumishi wanaelezwa hapa namna ya kuupima upungufu huo, na makosa ya kujiepusha nayo.

Masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi

Kosa la kwanza ni kuilinganisha gari kuukuu na masafa yaliyoandikwa katika tangazo lake ilipokuwa mpya. Masafa hayo hupimwa katika maabara, na kila nchi ina kanuni zake za kupimia.

Mfano mzuri ni Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 ikiwa na betri ya uniti 12. Uniti moja ni ile ile inayohesabiwa na mita ya umeme ya nyumbani, yaani kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule, kiitwacho JC08, gari hiyo ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 60.2 kwa umeme peke yake. Kwa kipimo cha Ulaya cha wakati huo ilitangazwa kilomita 52. Ilipoanza kuuzwa Marekani kwa jina la mwaka 2018, ikiwa na betri ya uniti 12 vile vile, mamlaka ya huko iliipa maili 22, ambazo ni takriban kilomita 35.

Vile vile Toyota Prius PHV iliyotoka Japani mwaka 2017, yenye betri ya uniti 8.8, ilitangazwa kilomita 68.2 kwa kipimo cha Japani. Ndugu yake iliyouzwa Marekani ikiwa na betri kama hiyo ilipewa maili 25, sawa na kilomita 40.

Kwa hivyo, mtu aliyesoma katika karatasi ya Japani kuwa gari inakwenda kilomita 60, kisha akaona barabarani inakwenda 35, atasema kwamba imepoteza zaidi ya thuluthi moja ya betri, ingawa huenda haijapoteza chochote. Karatasi ya Japani inaeleza gari iliyoendeshwa taratibu katika chumba cha kupimia. Haielezi gari yenye abiria wanne na kiyoyozi kilichowashwa, iliyo katika foleni ya Darajani mchana wa Januari.

Nambari iliyo kwenye dashibodi

Kosa la pili, ambalo ndilo lililoenea zaidi, ni kuichukua nambari ya masafa inayoonekana kwenye dashibodi kuwa ni kipimo cha betri. Nambari hiyo ni makisio. Kompyuta ya gari huangalia umeme uliomo, kisha huangalia gari ilivyokuwa ikitumia umeme katika safari zilizopita, na kutokana na hayo mawili hubashiri kilomita zitakazokwendwa. Dereva aliyekuwa akienda mbio hufanya makisio yashuke, na dereva mtaratibu huyapandisha. Betri ni ile ile kwa wote wawili.

Kwa anayenunua kwa kuangalia picha, jambo hili lina mtego maalumu. Gari iliyopigwa picha Japani katika baridi ya Januari, baada ya kuzungushwa uani huku kipasha joto kikifanya kazi, huweza kuonesha masafa madogo sana. Gari hiyo hiyo ikipigwa picha mwezi wa Mei itaonesha masafa makubwa zaidi. Kwa upande mwengine, gari iliyofutiwa kumbukumbu zake za safari huweza kuonesha nambari ya kuvutia ambayo haina ithibati yoyote barabarani.

Kiyoyozi nacho hubadilisha hesabu katika hali ya hewa ya visiwa hivi. Tuseme kiyoyozi kinakula kilowati moja. Katika saa moja ya foleni kitakuwa kimekula uniti moja. Ikiwa gari hutumia uniti 0.2 kwa kilomita, basi kilomita tano zimeondoka na gari haijasogea. Matairi yenye upepo mdogo, mzigo mzito, mwendo wa kasi na barabara ya mchanga au yenye maji, vyote vina sehemu yao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ugonjwa wa betri.

Betri hupungua kwa sababu gani

Betri kubwa za gari hizi nyingi ni za lithiamu, za jinsi moja na zile za simu za mkononi, ila zimeundwa kwa seli nyingi zilizofungwa pamoja. Ile ya Outlander ya mwanzo ina seli 80 zilizofuatana moja baada ya moja, na jumla ya nguvu zake ni volti 300.

Ndani ya kila seli chembe za lithiamu hutoka upande mmoja kwenda wa pili wakati wa kuchaji, na hurejea zilikotoka wakati wa kutumika. Katika kwenda na kurudi huko, sehemu ndogo ya chembe hizo hunaswa katika utando mwembamba unaojijenga ndani ya seli, wala hazirudi tena. Utando huo hukua kwa kutumika, na hukua pia kwa kupita siku hata kama gari imesimama. Joto huuharakisha, na kuiacha betri ikiwa imejaa kabisa kwa muda mrefu huuharakisha vile vile. Yakikutana mawili hayo, yaani gari iliyojaa umeme ikaachwa juani kwa siku nyingi, madhara huwa makubwa zaidi.

Aghalabu upungufu huwa wa haraka kidogo katika miaka ya mwanzo, kisha ukawa wa taratibu. Gari ya miaka kumi iliyopoteza asilimia 20 au 30 si jambo la kustaajabisha. Watengenezaji wengi, wanapotoa dhamana ya miaka minane kwa betri, huweka mpaka wake karibu na asilimia 70 ya uwezo wa mwanzo. Ni dhahiri kuwa wao wenyewe wanautarajia upungufu huo.

Ni muhimu pia kujua kuwa gari hairuhusu betri yote itumike. Chevrolet Volt, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi wa Disemba 2010, ilikuwa na betri ya uniti 16, lakini ilitumia kiasi cha uniti 10 tu; nyengine ilikuwa akiba ya kuilinda betri. Outlander ya mwanzo nayo huiamsha injini huku betri ikiwa imebakiwa na takriban asilimia 30. Kwa hivyo mtu asichukue uniti 12 za kwenye karatasi akazilinganisha na uniti alizopima, kwani atapata upungufu usiokuwapo.

Namna ya kupima nyumbani

Njia iliyo bora kwa mwananchi wa kawaida ni kupima umeme unaoingia katika gari kutoka ukutani, tangu betri ilipokwisha hadi ilipojaa. Kipimo hiki hakijali dereva alikwenda mbio au taratibu, wala kiyoyozi kiliwashwa au hakikuwashwa. Kinaeleza jambo moja tu, nalo ni ukubwa wa chombo. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, gari iendeshwe kwa umeme mpaka yenyewe itangaze kuwa umeme umekwisha na injini ikashika kazi. Kisha iachwe ipoe kwa muda wa saa moja au mbili, kivulini.

Pili, vyombo vyengine vya nyumbani vizimwe kadiri inavyowezekana, na nambari ya mita iandikwe. Wenye mita za TUKUZA wataandika uniti zilizobaki. Ikiwa jokofu au taa haziwezi kuzimwa, basi usiku mwengine, kwa saa zile zile na bila ya gari, mwenye nyumba aangalie nyumba inakula uniti ngapi, kisha azitoe katika hesabu. Mwenye kuweza kupata mita ndogo ya kuchomekwa baina ya soketi na waya wa gari, nayo ikawa inahimili mkondo wa gari, atakuwa amejiondolea usumbufu huo.

Tatu, gari ichajiwe mpaka iache kupokea umeme yenyewe. Isichomolewe kwa kuwa taa zimefika mwisho, kwani dakika za mwisho ndizo gari inapozisawazisha seli zake.

Nne, nambari ya mita iandikwe tena, na tofauti ya nambari mbili ndiyo uniti zilizoingia. Ikiwa umeme ulikatika katikati ya kazi, kipimo hicho kiachwe na kirudiwe siku nyengine.

Tano, kazi hii ifanywe mara tatu, kwa siku mbali mbali, na wastani wa mara tatu ndio utakaochukuliwa. Si insafu kwa mnunuzi kuchagua kipimo kidogo kuliko vyote, wala kwa muuzaji kuchagua kikubwa kuliko vyote.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa gari yenye betri ya uniti 12, ambayo injini yake huamka betri inapobakiwa na asilimia 30. Umeme unaotumika ni asilimia 70 ya 12, yaani uniti 8.4. Katika kuchaji, sehemu ya umeme hupotea kwa joto la chaja na nyaya. Tukikadiria kuwa asilimia 85 ya umeme wa ukutani ndiyo inayofika ndani ya betri, basi gari hiyo ilipokuwa mpya ilipokea takriban uniti 9.9 kutoka ukutani.

Baada ya miaka kumi mwenye gari amepima mara tatu, na wastani wake ni uniti 7.4. Saba nukta nne kwa tisa nukta tisa ni asilimia 75. Kwa hivyo betri imepoteza robo ya uwezo wake.

Sasa tuangalie masafa. Gari inayokula uniti 0.2 kwa kilomita ilikuwa ikienda kilomita 42 ilipokuwa mpya. Kwa betri iliyobakiwa na asilimia 75 inapaswa kwenda kilomita 31. Ikiwa dashibodi inasema 22, basi kilomita 20 zilizokosekana ziko mafungu mawili. Kilomita 11 zimechukuliwa na uzee wa betri, na hizo hazirudi. Kilomita tisa nyengine zimechukuliwa na kiyoyozi, mwendo, matairi au makisio ya kompyuta, na hizo aghalabu zinaweza kurudi kwa pampu ya upepo na mguu mwepesi.

Aliyeangalia dashibodi peke yake angesema betri imepoteza karibu nusu. Kipimo kinasema imepoteza robo. Baina ya nusu na robo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Baada ya kipimo cha ukutani, kipimo cha barabarani nacho kifanywe kwa kuthibitisha. Gari ijazwe umeme, matairi yatiwe upepo kama ilivyoandikwa katika kibandiko cha mlangoni, kiyoyozi kizimwe, na iendeshwe kwa mwendo wa wastani katika njia ya kwenda na kurudi, ili upepo na miinuko isawazike. Kilomita zihesabiwe kwa mita ya safari na si kwa nambari ya makisio, tangu kuondoka mpaka injini ilipoamka kwa sababu ya kumalizika umeme. Ikiwa injini imeamka kabla ya hapo, kwa kukanyagwa mafuta kwa nguvu au kwa sababu nyengine, kipimo hicho kimeharibika na kirudiwe.

Uzee na maradhi si kitu kimoja

Betri zilizopoteza uwezo ni za namna mbili, na ni lazima zitofautishwe. Ya kwanza ni iliyozeeka kwa usawa, seli zote zikiwa zimepungua pamoja. Gari ya namna hii hushuka taratibu mwaka kwa mwaka, na umeme wake huisha kwa mpangilio, asilimia baada ya asilimia.

Ya pili ni yenye seli moja au chache zilizo mbovu. Kwa kuwa seli zimefuatana kama watu walioshikana mikono, aliye dhaifu ndiye anayewasimamisha wote. Dalili yake ni kuwa masafa hushuka ghafla ndani ya wiki chache, au kiwango cha umeme huruka, kwa mfano kutoka asilimia 50 hadi 30 kwa mara moja, au injini huamka mapema bila ya sababu. Kipimo cha mita peke yake hakitoshi kutofautisha baina ya hizi mbili. Hapo huhitajika chombo cha uchunguzi kinachochomekwa katika tundu lililo chini ya usukani, ambacho husoma nguvu ya kila seli. Kisomwe betri ikiwa imejaa, kisha kisomwe tena ikiwa karibu na kumalizika, kwa sababu seli dhaifu huweza kujificha wakati wa shibe na kujulikana wakati wa njaa.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko wa mwenye gari. Betri iliyozeeka kwa usawa hakuna la kuifanyia isipokuwa kuitumia kwa kadiri yake. Betri yenye seli mbovu huenda ikarekebishwa na fundi aliyesomea kazi hiyo kwa kubadilisha sehemu iliyoharibika, bila ya kununua betri nzima.

Kuna na hali ya tatu. Kompyuta ya gari yenyewe huweza kukosea katika kukadiria uwezo wa betri, hasa kwa gari iliyokaa muda mrefu bandarini au uani bila ya kutumika. Kuishusha betri na kuijaza kikamilifu mara kadhaa, au utaratibu maalumu wa kupima uwezo upya unaofanywa kwa chombo cha fundi, huweza kuirejesha hesabu mahali pake. Aidha, betri ndogo ya volti 12 ikiwa dhaifu huleta taa nyingi za onyo ambazo mtu asiyejua hudhani zinatoka katika betri kubwa. Hiyo ndiyo ichunguzwe kwanza, kwani bei yake ni ndogo.

Kwa anayenunua na kwa anayeuza

Anayenunua gari ambayo tayari imefika nchini anashauriwa aombe kuchaji mara moja kutoka tupu hadi kujaa kabla ya kutoa fedha, na mita iangaliwe mbele ya pande zote mbili. Ni kazi ya usiku mmoja. Muuzaji anayekataa hana lazima ya kueleza sababu, na mnunuzi naye hana lazima ya kununua. Anayeagiza kutoka nje na hawezi kuifikia gari aombe picha ya usomaji wa chombo cha uchunguzi unaoonesha uwezo wa betri, na si picha ya dashibodi. Wala asiitegemee dhamana iliyotolewa Japani kwa mnunuzi wa huko.

Baada ya kuijua asilimia iliyobaki, ajiulize inamtosha kwa safari ipi. Mtumishi anayeishi Chwaka na kufanya kazi mjini ana safari ya kilomita 30 hivi kwa upande mmoja. Gari iliyokuwa ikienda 42 na sasa inakwenda 31 bado inamfikisha kazini kwa umeme. Kwake yeye, robo iliyopotea haijamgharimu petroli yoyote katika safari hiyo. Mwenye safari ya kilomita 40 atachoma petroli kwa kilomita tisa za mwisho. Na anayekwenda kilomita tano tu, kisha akachaji kila usiku, huenda asiuone upungufu huo kwa miaka mingi ijayo. Asilimia ni ile ile, lakini hasara inatofautiana baina ya mtu na mtu, na bei ya haki hutazama yote mawili.

Ikumbukwe pia kuwa gari ya mseto yenye betri iliyopungua haimwachi mtu njiani kwa sababu ya upungufu huo peke yake. Injini ipo. Kinachopotea ni akiba ya petroli, na akiba hiyo huhesabika kwa shilingi.

Gari za ofisi

Kwa upande wa ofisi, dalili inayoonekana kwanza ni matumizi ya petroli kupanda. Kabla ya kuilaumu betri, afisa anayesimamia usafiri aulize jambo moja: gari inachajiwa? Gari ya mseto isiyochajiwa hubeba betri yake kama mzigo na hula petroli kama gari nyengine, na katika daftari la mafuta haiwezi kutofautishwa na gari yenye betri mbovu.

Mara nyingi sababu si uzembe. Ikiwa petroli inatolewa na ofisi na gari inalala nyumbani kwa dereva, basi kila uniti anayoichaji inatoka katika mfuko wake. Haishangazi kuwa gari itakwenda kwa petroli. Dawa ya hilo ni soketi iliyofungwa vizuri katika uwa wa ofisi, au utaratibu wa kumrejeshea dereva uniti zake.

Inafaa kila gari ya namna hii iwe na ukurasa wake katika daftari. Mara moja kwa kila miezi sita iandikwe tarehe, kilomita za gari, uniti zilizoingia kutoka tupu hadi kujaa, na kilomita ilizokwenda kwa umeme. Baada ya miaka miwili ukurasa huo utaonesha kwa macho kama gari inashuka kwa mpangilio wa uzee au imeanguka ghafla kwa maradhi, na kamati inayoamua gari ipi iuzwe na ipi ibakie itakuwa na ushahidi mkononi. Wahenga wamesema mali bila ya daftari huisha bila ya habari.

Utunzaji na hadhari

Aliye na gari hiyo anaweza kupunguza kasi ya kuchakaa kwake. Iegeshwe kivulini. Isiachwe imejaa kabisa kwa siku nyingi bila ya kutumika; anayesafiri kwa wiki kadhaa aiache ikiwa na kiasi cha nusu. Ni bora kuchaji ikamilike karibu na wakati wa kuondoka kuliko kujaa jioni na kusubiri usiku kucha katika joto. Na baada ya safari ndefu juani iachwe ipoe kabla ya kuchomekwa.

Kuhusu usalama, wananchi wanakumbushwa mambo matatu. La kwanza, nyaya za rangi ya chungwa zilizo katika gari hizi zina volti zinazoweza kuua. Asizifungue wala asizikate mtu yeyote asiyekuwa na mafunzo na vifaa vya kazi hiyo, hata kama ni fundi mzoefu wa gari za petroli. La pili, umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, na kwetu ni 230. Kabla ya kuchomeka waya uliokuja na gari, kibandiko chake kisomwe, na ikiwa ni wa volti 100 peke yake usitumike kamwe. La tatu, kuchaji ni kazi nzito ya saa nyingi. Soketi kuukuu, waya mwembamba wa kuongezea na plagi iliyolegea hupata moto. Fundi wa umeme aikague njia hiyo kwanza, na soketi ikihisika kuwa ya moto kwa mkono, kuchaji kusitishwe mara moja.

Kwa muhtasari, masafa yanayosomwa kwenye dashibodi yanaeleza safari zilizopita, na masafa ya kwenye karatasi yanaeleza maabara ya nchi nyengine. Betri huelezwa na uniti zilizoingia kutoka tupu hadi kujaa, zikapimwa mara tatu na kuandikwa. Mnunuzi, muuzaji na ofisi wakikubaliana juu ya kipimo hicho kimoja, sehemu kubwa ya ugomvi juu ya gari hizi haitakuwa na pa kuanzia.